Rosalia Aulizwa Mara ya Tatu

Siku ya kuletewa mahari yangu nilikuwa na hasira hata khanga ikawa hainikai mwilini. Mama alinifunga, ikafunguka. Akanifunga tena, ikafunguka tena. Msidhani nilikuwa simtaki mwanamume aliyeileta. Nilimtaka, na sioni haya kusema hivyo. Hasira yangu ilitokana na maneno ambayo Mama alikuwa ameyatoa muda huo huo, pini ikiwa katikati ya midomo yake, kana kwamba ananieleza bei ya nyanya pale soko la Tandika.

"Tulia basi. Haya ya leo yakiisha, na ile habari ya Chadi nayo imeisha."

"Itaishaje, Mama?"

"Mwanamke akishaolewa, mwenye kauli ni mume. Mzee Didas alikuja hapa juzi ukiwa kazini, tukazungumza. Watatoa mahari kwa sharti moja, kwamba mke wa kijana wao anakaa hapa hapa Dar. Harusi Januari. Wewe na wenzio mlitakiwa kuondoka Februari, sivyo? Ikifika Februari wewe ni mke wa mtu."

Nilimtazama mama yangu Bernadeta kwenye kioo. Alikuwa anakwepa macho yangu.

"Baba anajua?"

"Baba yako anajua ninachomwambia."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa muuguzi wa zahanati moja hapa Temeke, nimezalisha wanawake ambao idadi yao siikumbuki, wengine wakiwa wameshikwa na uchungu kwenye mkokoteni. Tangu Septemba mwaka ule wa tisini na nne, chini ya mto wangu kulikuwa na barua ya kanisa. Walikuwa wanatafuta muuguzi wa kwenda kaskazini mwa Chadi pamoja na mwalimu na mkewe kutoka Dodoma. Kwa miaka minne tungeishi na wafugaji wa ngamia ambao kwa lugha yao hapajaandikwa hata mstari mmoja wa Injili. Hakuna aliyenishawishi. Barua ilisomwa kanisani, padri akauliza kama kuna mtu, na mkono wangu ukawa juu kabla sijamaliza kufikiri. Nilipokuja kumaliza kufikiri, niliuacha ulipo.

"Mama, umeniuza."

"Nimekuokoa!" Alitoa pini mdomoni. "Umisionari ni kazi ya wazungu, Rosalia. Wana ndege za kuwarudisha, wana serikali za kuwaulizia. Wewe ukifa kwenye huo mchanga, nani atakuulizia? Mie nilizaa watano. Wawili nimewazika kwa mikono yangu. Wa tatu unataka nisijue hata kaburi lake liko wapi?"

Kuna maneno ya mama ambayo hayajibiki, hata kama hayako sawa. Nilichukua pini, nikajifunga khanga yangu mwenyewe, na safari hii ikashika.

Nilitoka uani kupata hewa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na ndani kulikuwa na joto la tanuri. Bi Tabu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mzaramo wa hapa hapa, alikuwa amekalia kigoda chake akipalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria la pilau. Shughuli yoyote ya nyumba yetu ilipikwa na Bi Tabu, na ya kwake Mama alikwenda kukaanga maandazi. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka usoni.

"Bibi harusi gani huyu kanuna kama kalishwa shubiri?"

"Nimesikia sharti lao, Bi Tabu."

"Aa. Hilo hata mie nililisikia. Ukuta wenyewe huu, mtu akikohoa kwenu mie nasema pole." Akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Mie dini yangu unaijua, na mtu akiniuliza, huko uendako sikupeleki. Lakini hata sie kwetu, mtu akifunga safari kwa ajili ya Mungu wake hatumfungii mlango. Uongo ndio siupendi. Usiingie mule ndani ukasema ndiyo huku moyoni unasema hapana. Utamtesa yule kijana wa watu maisha yake yote."

"Nampenda, Bi Tabu."

"Nani kauliza kama unampenda? Hilo hata paka wangu anajua."

Nilicheka pasipo kutaka. Ni kweli, mtaa mzima ulijua. Apolinari alikuja zahanati mwaka mmoja na nusu uliopita akiwa amejikata kiganja kwa patasi. Ni mchonga vinyago pale Mwenge. Nilimshona nyuzi saba. Hakulia wala hakuangalia pembeni, aliniangalia mimi. Alirudi kusafishwa kidonda, akarudi tena, na kidonda kilipopona kabisa akaendelea kurudi, kutoka Mwenge mpaka Temeke, kuniuliza kama kovu lile ni la kawaida. Mara ya sita nikamwambia, "Kaka, kovu lako ni zima kuliko mimi." Akasema, "Basi nikuulizie wewe." Nilikuwa nimekwisha.

Nilipompa ile barua aisome, aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake. "Acha wazee walete mahari kwanza," alisema. "Hilo lingine tutaona." Mwanamume wa Dar akisema tutaona, mshike kola palepale mpaka aseme anaona nini. Mimi sikumshika. Niliamini kwamba atasema na wazee wake, naye akaamini kwamba mimi nitabadilika. Hayo ndiyo makosa yetu, kila mmoja na lake.

Kutoka sebuleni Mama aliita jina langu lote, la ubatizo na la ukoo. Nikaingia.

Niliwapigia magoti wageni, nikawaamkia. Walikuwa wanne. Mzee Didas, baba mdogo wa Apolinari na msemaji wa upande wao, alikalia kochi kubwa akiwa amevaa koti la suti katika joto lile. Wazee wawili walikaa pembeni yake. Apolinari alikaa karibu na mlango, shati jeupe, mikono juu ya magoti, vumbi jeusi la mpingo likiwa bado kwenye kucha zake ingawa najua alizisugua. Aliinua macho akaniangalia. Halafu akayarudisha chini. Kwetu mwanamume hasemi kwenye posa yake mwenyewe. Akifungua mdomo tu, anatozwa faini ya mbuzi, kwa kuwa amewadharau waliokuja kumsemea.

Mezani palikuwa na sahani ya kaure iliyofunikwa kitambaa cheupe. Chini ya kitambaa ndiko ilikokuwa bahasha ya mahari. Shangazi zangu walikaa mkekani nyuma yangu.

Baba alikohoa. Nikodemu, baba yangu, alikuwa karani wa reli mpaka alipostaafu, na mpaka leo anazungumza kama anayeogopa kuchelewesha treni.

"Rosalia, wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, Baba."

"Wameleta sahani. Sie hatuwezi kula kitu ambacho mwenyewe hajaridhia. Tutakuuliza mara tatu, na jibu la tatu ndilo litakaloshika. Tuile, tusiile?"

Yapo mazoea yake. Mara ya kwanza binti hunyamaza, anaangalia sakafu. Mara ya pili hutabasamu, shangazi zake wanapiga kigelegele cha kumhimiza. Mara ya tatu husema kwa sauti ndogo, "Ileni," na nyumba inalipuka. Mabinti wa ukoo wetu wote walifanya hivyo, na Mama alifanya hivyo mwaka wa sitini na tatu.

"Baba," nilisema, "kabla sijajibu, naomba kuuliza."

Mzee Didas alisogea mbele kwenye kochi. "Binti haulizi. Binti anaulizwa."

"Shikamoo tena, mzee wangu. Nimesikia sahani hii imekuja na sharti. Nataka nilisikie mbele ya watu, maana nitakayebanwa nalo ni mimi."

Mama alisema, "Rosalia!" kwa ile sauti ya kunikumbusha kwamba alinizaa.

"Mwache," Mzee Didas akasema, na nakiri kwamba hakuwa mtu wa kujificha. "Sharti lipo. Sie tunatafuta mke, hatutafuti msafiri. Mke wa kijana wetu atakaa na mumewe. Hizo habari za kwenda kuhubiri jangwani ziishe leo hii kwenye meza hii. Na nikuulize, binti yangu, huko kuna nini? Injili imeshaenea. Redio zipo, vitabu vipo. Hapa Temeke kwenyewe walevi wamejaa, hujamaliza kuwahubiria hata hao. Unaruka watu wa nyumbani unawafuata wa Chadi?"

"Mlevi wa Temeke, mzee wangu, akitaka kulisikia Neno atavuka barabara. Makanisa sita yako njiani kwake na yote yana vipaza sauti. Wale hawana wa kumwendea. Hata wangetaka, wangekwenda wapi? Kitabu hakipo kwa lugha yao. Mkunga hayupo. Mwanamke akishindwa kujifungua wanamngoja afe."

"Wana dini yao."

"Wanayo, na siendi kumnyang'anya mtu. Nakwenda kukaa kwao, nilale wanapolala, nizalishe wake zao. Siku wakiniuliza binti wa watu umekuja kutafuta nini huku, niwaambie. Wakikataa, wamekataa wakijua wanachokikataa. Sasa hivi hata hiyo nafasi ya kukataa hawana."

"Hiyo ni kazi ya wazungu," Mama alisema kutoka mlangoni.

Hapo ndipo nilipomgeukia baba yangu. Sikuwa nimepanga.

"Baba, kila Krismasi unatusimulia habari za babu yake babu yako. Alikamatwa mtoto, akauzwa, akakombolewa, akafikishwa Unguja. Pale wamisionari walimfundisha kusoma, wakampa chumba, wakampa kazi. Kisha wakamuuliza kama yuko tayari kurudi bara, kule kule alikofungwa kamba. Naye akaenda kwa miguu mpaka Masasi. Unalia kila mwaka ukifika hapo. Yule alikuwa mzungu?"

Baba alivua miwani akaanza kuifuta na ncha ya shati.

"Mama yake angesemaje, Baba, kama angekuwa hai? Angemwambia nini, mwanangu umeshapona, sasa kaa ule? Na sie leo tungekuwa nani? Tumepokea, tumeshiba, tumejenga. Zamu yetu ya kupeleka itafika lini? Au sie kazi yetu ni kupelekewa tu mpaka siku ya mwisho?"

Makaa ya Bi Tabu yalikuwa yakipasuka kule uani. Koleo lake halikusikika, kwa hiyo najua naye alikuwa anasikiliza.

"Nikodemu," Mzee Didas alisema polepole, "mwulize mwanao mara ya pili, tumalize."

Baba alivaa miwani. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Rosalia. Tuile, tusiile?"

Nilimwangalia Apolinari. Nilimpa muda wa kutosha kwa mtu mwenye mdomo. Alijua ninachokitaka. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso na alikuwa amekunja ngumi juu ya lile kovu la kiganja. Niliwaza, basi, huyu ndiye mtu niliyetaka kuzeeka naye, na anaogopa mbuzi. Maumivu niliyoyapata pale sijawahi kuyapata kabla wala baada.

"Kwa sharti hilo, msiile."

Mama alitoa sauti, si ya kilio, ni ile ya mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Wazee wawili waliangaliana. Mzee Didas alinyoosha mkono kuelekea kwenye sahani.

"Baba mdogo, iache."

Apolinari alikuwa amesimama.

"Kaa chini wewe! Unasema kwenye posa yako?"

"Niandikie mbuzi."

"Apolinari!"

"Niandikie wawili kabisa, maana sijamaliza." Hakukaa. "Sharti lile sikulitoa mie. Lakini nililisikia likitolewa nikanyamaza, kwa hiyo ni langu. Nilinyamaza makusudi. Nilifikiri wazee watamzuia, mie nibaki mtu mwema. Rosalia, nisamehe. Huo ulikuwa uoga."

"Ulikuwa uoga," nilisema.

"Nakubali. Na sitakudanganya mbele za watu. Kwenda Chadi siwezi. Mama yangu yuko Newala, haoni, nami ndiye mwanawe pekee. Mikono yangu inajua mpingo, haijui kitu kingine. Mie si mhubiri. Nikienda nitakuwa nimekufuata wewe, na jangwani kumfuata mtu tu hakutatosha."

"Sijakuomba uje."

"Najua. Ungeniomba ingekuwa rahisi, ningekuwa na la kukataa." Alicheka kidogo, macho yamejaa maji. "Wewe umeomba usizuiwe. Sasa nauliza mie. Utarudi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ndivyo msichana angesema, na pangekuwa na vigelegele.

"Nakusudia kurudi, Poli. Kuapa siwezi. Kuna homa, kuna vita, kuna mambo ya Mungu ambayo hajaniambia."

"Na kule ukikuta mwingine?"

"Mwingine nani? Mwenye ngamia?"

Mzee mmoja kati ya wale wawili alicheka, akajifanya anakohoa. Apolinari hakucheka. Aliniangalia kama alivyoniangalia siku ile nikiwa na sindano mkononi, bila kupepesa.

"Basi mie nitangoja," alisema. "Sijui nitaweza. Lakini nitangoja."

"Miaka minne?" Mzee Didas alipiga paja lake. "Utakuwa na thelathini na tano! Wenzio wana watoto wanakwenda shule! Nikodemu, sema neno, nyumba hii ina baba au haina?"

Baba alisimama. Nilimwona akimtazama Mama kwa muda mrefu, naye Mama akatikisa kichwa, akimsihi. Miaka thelathini na moja ya ndoa, nadhani hakuwahi kumkatalia kitu mbele ya wageni.

"Bado sijauliza mara ya tatu," Baba alisema.

"Uliza basi!"

"Rosalia." Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni kwenye shati lake. "Unakwenda?"

Hilo halikuwa swali la mila. Swali la mila lilikuwa kuhusu sahani.

"Nakwenda, Baba."

"Hata nikikukataza?"

"Hata ukinikataza. Nitaondoka nikilia, lakini nitaondoka. Ningependa niondoke umenibariki."

Alinibandika kiganja kichwani, palepale, mbele ya watu. Hakusema amina wala hakuhubiri. Kisha akaichukua ile sahani na kitambaa chake, akaenda kwenye kabati la vyombo la Mama, akaiweka rafu ya juu nyuma ya bilauri za sikukuu. Akafunga, akachomoa ufunguo.

"Unafanya nini, Nikodemu?" Mzee Didas aliuliza. "Umeila au hujaila?"

"Haijaliwa. Wala haijarudishwa. Itakaa hapo." Alikwenda mpaka mlangoni akamwekea Apolinari ufunguo mkononi. "Kijana, sitakufunga na mwanangu aliye mbali. Siku ukichoka kungoja, hata kama ni mwezi ujao, njoo ufungue uchukue chenu. Katika nyumba hii hakuna atakayekuuliza kwa nini. Mama yake hatakuuliza. Mimi sitakuuliza."

"Hakuna mila ya namna hiyo!" Mzee Didas alikuwa amesimama, koti limemkaa upande. "Sijawahi kuisikia Newala, sijaisikia Masasi, sijaisikia popote!"

"Umeisikia Temeke," Baba alisema.

Mama aliondoka mlangoni. Nilidhani amekwenda kulia chumbani. Lakini nilimsikia uani akimwambia Bi Tabu apakue, wageni wana njaa, na sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Najua hakuwa amenisamehe. Ilichukua muda, na hata sasa kuna siku siamini kama imekwisha.

Apolinari alikuwa bado amesimama na ufunguo kiganjani, juu ya lile kovu. Aliutia kwenye mfuko wa shati, akaugusa kwa nje kuhakikisha umeingia.

"Mnaondoka tarehe ngapi Februari?" aliniuliza. Hakumwangalia Mzee Didas.

"Kumi na moja. Alfajiri."

"Una sanduku?"

"La mkopo. Kitasa chake kibovu."

"Niletee Mwenge Jumatatu nilitengeneze," alisema. "Usibebe sanduku bovu kwenda kwa watu."

Tangu asubuhi sikuwa nimetoa chozi hata moja. Niliapa sitalia, na hasira yangu ilikuwa imenisaidia. Lakini kwa neno lile la sanduku nililia, katikati ya sebule, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Shangazi mmoja akanirushia upande wa khanga nijifunike uso. Niliushika mkononi, nikaendelea kulia uso wazi.